Vipokezi vya binadamu ndani ya seli ya kiwavijeshi

Mwenye shamba la mahindi nje ya Lubumbashi hahitaji kuelezwa kiwavijeshi vamizi ni nani. Tangu alipogunduliwa Afrika mwaka 2016, bukari (ugali) yetu anaila ikiwa bado shambani. Wanafunzi wangu wa famakolojia hucheka nikiwaambia kwamba mdudu huyohuyo ndiye aliyetupa seli za Sf9 tunazokuza maabara, zilizotoka kwenye ovari za pupa wake. Zinakua kwa nyuzi 27 tu, bila kaboni dioksidi. Kwa mji ambao umeme hukatika ovyo, hilo si jambo dogo.

Ndani ya seli hizo tunatengeneza vipokezi vya binadamu, yaani protini za utando wa seli zinazopokea ujumbe wa kemikali. Jeni la kipokezi tunaliingiza kwa bakulovirusi, virusi vya wadudu. Chukua vipokezi vya muskarini, M1 hadi M5. Vyote huamshwa na asetilikolini, kemikali ambayo neva hupelekea ujumbe, lakini havisemi na seli kwa njia moja. M1, M3 na M5 hupitia Gq, mojawapo ya protini za G zinazopeleka ujumbe wa kipokezi ndani ya seli, na kalsiamu humwagika kutoka maghala ya ndani ya seli. M2 na M4 hupitia Gi, na cAMP, molekuli ya ujumbe ndani ya seli, hushuka.

Jaza seli zenye M3 rangi ya fura-2, inayoonyesha kalsiamu, dondoshea kabakoli, inayoiga asetilikolini: ndani ya sekunde chache mstari wa kalsiamu unaruka juu, kisha unashuka na kutulia juu kidogo ya ulipoanzia. Kwa M2, kwanza pandisha cAMP kwa foskolini, la sivyo hakuna cha kushusha. Halafu rudia kwa atropini, inayoziba vyote vitano. Kalsiamu ikipanda hata hivyo, anayesema si kipokezi chako.

Tatizo ni wingi. Promota ya polihedrini, kipande cha DNA ya virusi kinachowasha jeni letu, ina nguvu mno, na kipokezi kikijaa kupita kiasi huanza kubisha hodi hata kwa protini za G zisizo zake. M2 ikitikisa kalsiamu hapo, mimi siandiki kwamba ndivyo inavyofanya moyoni. Tena protini za G zilizomo ni za mdudu, ndiyo maana maabara nyingi huongeza Gi ya mamalia kwa virusi vya pili.

Kwa hiyo mtu akiniletea mchoro unaoonyesha M5 ikiizidi M1, namuuliza kwanza idadi ya vipokezi, iliyopimwa kwa N-methilskopolamini yenye tritiamu (dawa yenye mionzi inayoshika vipokezi hivi), na saa ngapi zilikuwa zimepita tangu maambukizi. Seli ambayo virusi vimeanza kuiua hutoa namba nzuri tu, lakini si za kipokezi.