Macho Makubwa Hayatoshi: Dhana Potofu Kuhusu Kumchora Shujaa wa Komiki kwa Mtindo wa Manga

Mwambie mchoraji achukue shujaa mkongwe wa komiki za Kimarekani, awe Superman wa 1938, Batman wa 1939 au Spider-Man wa 1962, amchore upya kwa mtindo wa manga, yaani komiki za Kijapani. Mara nyingi utaletewa kitu kilekile: macho makubwa, kidevu chembamba, nywele zilizochongoka kama miiba. Mchoro unapendeza, na mkono uliouchora ni mzuri. Lakini uweke kando ya kurasa za manga yenyewe, utahisi kuna kitu kimepelea. Mimi ninachora, na suala hili nimehangaika nalo kwa miaka. Ninaamini kilichopelea hakiko usoni mwa shujaa. Kiko kwenye ukurasa, katika namna msomaji anavyopitishwa ndani ya muda. Dhana potofu nyingi ninazokutana nazo zinaanzia hapo.

"Manga ni macho makubwa"

Macho hayo yana historia yake, nayo haikuanzia Japani peke yake. Osamu Tezuka, aliyeanza kuchora Astro Boy, manga ya mvulana roboti, mwaka 1952, alikuwa mpenzi mkubwa wa katuni za Disney na za ndugu wa Fleischer, wale waliotengeneza Betty Boop. Alichokipenda kwenye nyuso zile alikihamishia kwa wahusika wake, na kizazi kizima cha wachoraji kikafuata nyayo zake. Kwa hiyo anayempa Superman macho makubwa ili aonekane wa Kijapani, kwa sehemu anamrudishia kitu kilichotoka kwao.

Halafu wapo wachoraji wa manga ambao macho makubwa hawana habari nayo. Katsuhiro Otomo, aliyechora Akira kati ya 1982 na 1990, ana nyuso za watu unaoweza kupishana nao njiani: macho madogo, pua za kweli, mashavu mapana. Ryoichi Ikegami anachora sura zinazokaribia picha za kamera. Hakuna msomaji atakayesema kazi zao si manga. Na Otomo huyo alimchora Batman mwaka 1996, katika hadithi fupi ya wino mweusi kwenye karatasi nyeupe, kwa mkono wake uleule wa siku zote.

"Huu ni mtindo mpya ulioletwa na mitandao"

La. Mwaka 1966 tamthilia ya Batman ya televisheni ilipopamba moto, jarida la Kijapani la Shonen King lilimpa kazi Jiro Kuwata, mchoraji aliyekwisha kupata jina kwa manga yake ya 8 Man. Kuwata alichora Batman kati ya 1966 na 1967. Baadhi ya visa alivichota kwenye komiki za Marekani, akavinyoosha upya kwa mwendo wake. Mfano ninaoupenda ni adui mwenye sura ya fuvu aliyetokea kwenye komiki ya Marekani mwaka 1966, anayeonekana amekufa kisha anarudi. Kule alikuwa mhalifu wa toleo moja. Kwa Kuwata akawa jinamizi linalomfuata Batman, na miaka mingi baadaye Wamarekani wenyewe walimrudisha kwenye hadithi zao.

Baada yake alikuja Spider-Man wa Ikegami mwaka 1970, ambaye nitamrudia. Kia Asamiya alimchora Batman mwanzoni mwa miaka ya 2000, Tsutomu Nihei akamchukua Wolverine, shujaa mwingine wa Kimarekani, mwaka 2003, na Deadpool: Samurai, manga ya shujaa wa Kimarekani Deadpool, ikaanza mwaka 2020. Mchoraji wa leo anayejaribu jambo hili ana wakubwa zake waliomtangulia kwa zaidi ya nusu karne, na ingefaa awasome.

"Badilisha sura, ukurasa uache ulivyo"

Hii ndiyo dhana inayoharibu kazi nyingi kuliko zote, nami nilikuwa mmoja wa waliokuwa nayo.

Tazama kwanza nafasi. Toleo la kila mwezi la komiki ya Kimarekani kwa kawaida lina kurasa ishirini na kitu za hadithi. Kila ukurasa hauna budi kubeba mzigo: nani kafika, kasema nini, kampiga nani. Manga kwa kawaida hutoka kwanza kwenye jarida nene lenye hadithi nyingi, kisha sura zake hukusanywa kuwa kitabu cha kurasa zinazokaribia mia mbili, na hadithi moja inaweza kujaza makumi ya vitabu hivyo. Mwenye nafasi kubwa hivyo anaweza kutumia ukurasa mzima kuonyesha mtu akivuta pumzi.

Sasa chukua kitendo kimoja: Batman anatua juu ya paa usiku. Kwa njia ya Kimarekani, kisanduku kimoja kikubwa kinatosha. Joho limetanda, mwezi uko nyuma, na juu kuna maneno ya msimulizi yanayotueleza anachowaza. Kwa njia ya manga tone la maji linaning'inia kwenye ukingo wa bomba. Katika kisanduku cha pili paka anageuza kichwa. Cha tatu kinaonyesha ncha ya joho tu, imekatwa na ukingo wa fremu. Hakuna neno lolote. Unafungua ukurasa, naye huyo amejaa kurasa mbili kutoka pembe hadi pembe. Kufungua ukurasa kumekuwa sehemu ya hadithi. Mkono wa msomaji ndio uliomshusha Batman juu ya paa.

Scott McCloud, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu namna komiki zinavyofanya kazi, alilinganisha jinsi kisanduku kimoja kinavyopokezana na kingine. Alionyesha kwamba wachoraji wa Kijapani hutumia zaidi mapokezano ambayo ndani yake muda hausogei: jicho linazunguka mahali palepale, likiokota hili na lile, mpaka msomaji ahisi hewa ya pale. Katika komiki za Kimarekani alizozichunguza, mapokezano ya aina hiyo hayakuonekana kabisa au yalikuwa haba mno.

Tukio hilo la paa nimelichora mara mbili. Mara ya kwanza nilibadilisha uso na kidevu, nikachonga masikio ya barakoa yakawa membamba, lakini mpangilio wa visanduku nikauacha ulivyokuwa. Rafiki yangu ambaye manga kwake ni chakula cha kila siku aliitazama, akaniambia, "Komiki nzuri hii." Mara ya pili uso nikaurudisha ulivyokuwa, ule wa taya pana. Nilifuta maneno yote ya msimulizi, nikatawanya tukio kwenye kurasa tatu, nikaweka lile tone na yule paka. Safari hii aliishika, akaisoma polepole, na hakuuliza ni ya mtindo gani.

Sauti nazo zisisahauliwe. Kijapani kimejaliwa tanakali nyingi mno, na wachoraji wa manga huzichora kama sehemu ya picha. Wana hata tanakali ya ukimya, *shiin*, inayoandikwa pale ambapo hakuna kinachosikika. Sisi tunaosema kimya ji, giza totoro na kutulia tuli hatuhitaji kufafanuliwa jambo hili. Mchoraji wa Kiswahili anayeandika BUUM kila shujaa anaporusha ngumi ameacha hazina yake nyumbani. Mtu akianguka majini, chubwi. Akianguka chini kama mzigo, puu. Kitu chembamba kikivunjika, kacha. Zichore ndani ya picha, herufi zenyewe zikiwa zimeinama, zimevimba au zimepasuka, uone ukurasa unavyopata uhai.

"Nyeusi na nyeupe ni rahisi, hakuna kupaka rangi"

Manga ilibaki nyeusi na nyeupe kwa sababu ya karatasi ya bei nafuu na ratiba kali ya majarida ya kila wiki. Wepesi wa kazi haumo kabisa. Mchoraji hutumia nibu ya chuma inayochovywa winoni, inayonenesha mstari ukiikandamiza na kuukondesha ukiilegeza. Rangi ya kijivu ilipatikana kwa karatasi nyembamba za vitone zilizobandikwa juu ya mchoro, kisha zikakatwa kwa kisu kufuata umbo na kukwaruzwa pale mwanga unapotakiwa. Siku hizi wengi wanafanya kazi hiyo kwenye kompyuta, ila macho yanayoamua ni yaleyale.

Uamuzi huo ni mgumu zaidi kwa mashujaa hawa kwa sababu walizaliwa kwa ajili ya rangi. Vazi la Spider-Man ni jekundu na buluu. Ondoa rangi, na zote mbili zinaweza kuwa kijivu kimoja, ukabaki na mtu aliyevaa gunia. Lazima uchague. Mimi buluu huijaza wino mweusi tii, nikaacha mstari mwembamba mweupe wa mwanga kwenye misuli, na sehemu nyekundu naiacha nyeupe ikiwa na nyuzi za utando peke yake. Joho la Superman linasumbua zaidi: ukilijaza weusi anafanana na Batman, ukiliacha jeupe linapotelea mawinguni. Vitone vya wastani, vinavyokolea kwenye mikunjo, ndivyo vilivyonisaidia.

"Inasomwa kutoka kulia, basi geuza picha kama kwenye kioo"

Jibu ni fupi. Geuza picha, na S ya kifuani mwa Superman itatazama nyuma. Wachapishaji wa zamani waliogeuza manga ili isomwe kutoka kushoto walisababisha tatizo hilohilo: wanaotumia mkono wa kulia wakawa mashoto. Ukitaka kazi yako isomwe kutoka kulia, panga visanduku na maputo ya maneno upya tangu rasimu ya kwanza. Na ukichora kwa wasomaji wa Kiswahili, kusomwa kutoka kushoto hakuifanyi kazi yako kuwa manga pungufu.

"Ukimbadilisha jina na nchi, si yeye tena"

Ikegami alijaribu. Spider-Man wake si Peter Parker, yule kijana wa Kimarekani aliye ndani ya vazi. Ni Yu Komori, mwanafunzi wa Kijapani mpweke, anayelemewa na nguvu alizopewa bila kuziomba. Hadithi inazidi kuwa nzito na ya giza kadiri inavyoendelea, hasa baada ya mwandishi Kazumasa Hirai kujiunga. Jina limekwenda, jiji limekwenda, lakini kijana anayeumizwa na nguvu zake mwenyewe yumo. Kwangu mimi Yu ni Spider-Man kweli kweli, kuliko michoro mingi inayonakili vazi kwa uaminifu na kusahau aliye ndani yake.

Mchoraji wa manga Naoki Urasawa alifanya hivyo kwa shujaa wa manga yenyewe. Kwa ruhusa ya Makoto Tezuka, mtoto wa Osamu, alichukua kisa kimoja cha Astro Boy na kati ya 2003 na 2009 akakisimulia upya kama hadithi ya upelelezi yenye jina Pluto. Roboti mashuhuri kuliko wote akaonekana kama mtoto wa kawaida aliyevaa koti, amesimama mvuani. Zile nywele mbili zilizosimama, ambazo kila mtu alizingojea, zimelala.

"Nikibadilisha mtindo, mhusika ni wangu"

Mtindo haubadilishi mwenye mali. Kuchora kwa kujifunza ni jambo moja, kuuza ni jambo jingine. Huko Japani soko kubwa la vitabu vya mashabiki, Comiket, lipo tangu 1975, na kwa sehemu kubwa linaishi kwa uvumilivu wa wenye haki. Kwa sheria ya Marekani, kazi za zama zile hulindwa kwa miaka 95. Superman wa toleo la kwanza atakuwa huru Januari 2034 na Batman wa kwanza mwaka unaofuata, na uhuru huo utahusu umbo lao la mwanzo, si nyongeza za miaka ya baadaye. Alama za biashara zina sheria zake, na nchi nyingine huhesabu miaka kwa namna yake.

Ambaye tayari yuko huru Marekani ni baharia Popeye wa 1929, tangu Januari 2025, na ndiye niliye naye mezani sasa. Jicho lake moja limefumbwa, la pili ni dogo kama nukta. Nimempa kurasa nne. Kwenye ya kwanza kuna bahari kabla ya alfajiri, kamba iliyolowa, na moshi wa kiko. Yeye mwenyewe haonekani mpaka ukurasa wa tatu, na bado hajasema neno.