Waya wa gitaa nao hubadili sauti
Wapiga gitaa la umeme wengi huamini kuwa waya hufikisha sauti kama ilivyo, na kifaa kisicho na waya, kinachoituma kwa mawimbi ya redio hadi kwenye spika, huiharibu. Sivyo. Waya wenyewe hushika chaji kidogo, takriban pikofaradi 100 (kipimo cha uwezo wa kushika chaji) kwa kila mita, na gitaa lisilo na betri hupoteza humo sauti kali za juu. Jaribu waya wa mita 9, kisha wa mita 2: nyuzi zitalia wazi zaidi. Kisambaza mawimbi cha kifaa kisicho na waya huchomekwa kwenye gitaa lenyewe, bila waya mrefu wa kupoteza sauti hizo, ndiyo maana wengine hulalamika kuwa sauti imekuwa kali mno! Nacho kikichelewesha sauti kwa milisekunde 3, ni kama kusimama mita moja kutoka kwenye spika. Mimi hunisumbua betri yake tu, na Wi-Fi inayogombania nacho masafa yaleyale ya gigahezi 2.4.