Fundi mzoefu na hatari aliyoizoea: maswali na majibu

Nimejenga miaka 15 sijawahi kuanguka. Mafunzo ya usalama ya nini kwangu?

Hiyo miaka 15 ndiyo inayotutia wasiwasi. Ukipita mara mia kwenye ubao uliolegea ukafika salama, ubao haujapona. Ni woga wako tu uliopungua. Kijana aliyeingia saiti juzi naye ana lake: hajui hata cha kuogopa. Nyote mnahitaji mafunzo, ila si yaleyale.

Mafundi hudharau hatari zipi?

Kuanguka kunaua wengi kwenye ujenzi, na kila mtu anasema anaogopa kuanguka. Zinazodharauliwa ni zile zisizouma papo hapo. Fundi amepiga magoti kwenye zege bichi, suruali imelowa, hasikii kitu. Jioni anavua, anakuta magoti yameungua. Saruji iliyolowa huunguza ngozi polepole, bila kelele.

Vumbi la kukata zege au mawe ni baya zaidi. Lina silika, chembe ndogo zinazozama ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa huo, silikosisi, hauna tiba ya kuuondoa, na silika hiyo husababisha pia saratani ya mapafu. Kata huku maji yakimwagika. Kitambaa ulichofunga puani hakizuii chembe hizo.

Halafu mtaro unaoporomoka. Mita moja ya ujazo ya udongo hufika tani moja na nusu. Ukifukiwa hadi kifuani, hata kichwa kikiwa nje, mbavu hazipati nafasi ya kuvuta pumzi.

Tulikaa darasani nusu siku, tukasaini. Haitoshi?

Sahihi humlinda mwajiri kuliko wewe. Mkanda wa usalama haujifunzwi kwa picha: uvae, kagua mishono, kisha onyesha utaufunga wapi. Wengi hukwama hapo pa mwisho. Kila asubuhi tengeni dakika kumi palepale pa kazi, mjiulize leo nini kinaweza kutuumiza. Aanze kujibu saidia fundi. Akianza foremani, wengine wataitikia tu.

Nikikataa kupanda, si nitafukuzwa?

Hofu hiyo ni ya kweli. Mkataba namba 167 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1988, unazitaka nchi zilizouridhia ziweke kwenye sheria haki ya mfanyakazi kujitoa penye hatari kubwa iliyo karibu, na wajibu wa kumjulisha msimamizi mara moja. Basi mjulishe, wenzako wakisikia, na utaje kasoro yenyewe: "Ngazi haijafungwa juu. Ikifungwa napanda."