Aziz ni Mjomba au Ami? Kusoma Fasihi ya Ughaibuni Tukiwa Mombasa

Katika vikao vya usomaji ambavyo idara yetu ya fasihi huwafungulia wananchi hapa Mombasa, mimi huanza na swali moja kabla ya kugusa nadharia yoyote. Katika Paradise, riwaya ya Abdulrazak Gurnah ya 1994, yule tajiri Aziz ni mjomba wa Yusuf au ni ami yake? Kiingereza kina neno moja tu kwa wote wawili. Mtoto wa Mji wa Kale anajua tofauti. Mjomba ni ndugu wa mama, mtu wa kukimbilia mambo yakiharibika. Ami ni wa upande wa baba, na tena ndiyo heshima unayompa mtu mzima yeyote barazani hata kama hamna damu moja. Yusuf anachukuliwa na Aziz kwa sababu ya deni la babake, na Khalil, aliyemtangulia dukani kwa Aziz, anamkanya mapema kwamba huyu si wa ukoo wako, mwite Seyyid, yaani bwana. Utumwa mzima wa deni umejificha ndani ya neno la ujamaa.

Gurnah alizaliwa Zanzibar 1948, akaenda Uingereza akiwa kijana, miaka michache baada ya mapinduzi ya 1964. Alipopewa Tuzo ya Nobel 2021, Pwani nzima tulisema "ni wetu". Furaha ile ilikuwa ya haki. Lakini mhakiki hawezi kuishia hapo. Lazima aulize: msimulizi huyu anazungumza na nani? Ndani ya Kiingereza cha Gurnah, maneno ya Kiswahili husimama kama mwamba maji yanapokupwa. Msomaji wa London anajikwaa, sisi tunapumua. Ilipotoka tafsiri ya Ida Hadjivayanis, Peponi, mwaka 2022, maneno hayo yalifunikwa na Kiswahili kilichoyazunguka. Kwa maoni yangu tafsiri hiyo imeturudishia riwaya, na wakati huohuo imetupunguzia kitu: ule ugeni wa mtu anayesimulia habari za kwao kwa lugha ya ugenini. Mwenye nafasi azisome zote mbili bega kwa bega.

Edward Said, Mpalestina aliyeishi na kufundisha Marekani, aliazima istilahi ya muziki kueleza usomaji wa namna hii katika kitabu chake cha 1993 kuhusu utamaduni na ubeberu. Sauti mbili zinakwenda pamoja, na hakuna inayoizima nyenziye: ile iliyoandikwa, na ile iliyonyamazishwa.

Mombasa tunahitaji sikio hilo, maana tunapenda mno kujisifu kwa mchanganyiko wetu: Mswahili, Mmijikenda, Mhadhrami, Mbaluchi, Mhindi, sote sinia moja la biriani. Basi panda matatu ya kuvuka daraja la Nyali, ushuke Kengeleni. Kengele iliyoupa mtaa ule jina ilikuwa ya Frere Town, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana 1875 kwa ajili ya watumwa waliokombolewa. Miongoni mwa waliokaa pale walikuwa "Waafrika wa Bombay", waliotekwa utotoni, wakalelewa India, kisha wakaletwa pwani hii wakiwa wageni katika bara lao wenyewe. Kwa hiyo riwaya ikikupambia jahazi na tende zake na harufu ya karafuu, uliza ni nani aliyekuwa chini ngamani.

Nina swali jingine, na hili linanikereketa zaidi. Leo mabinti wengi wa Pwani wako Uarabuni, wakifanya kazi majumbani mwa watu. Visa vyao hutufikia usiku, kwa ujumbe wa sauti kwenye simu ya mama. Hakuna jopo la tuzo litakalousikia. Sisi tuliokwisha kukubali nyimbo za kutwanga na za unyago kuwa fasihi, sioni tutauachaje nje ujumbe huo: una salamu zake ndefu, una mafumbo ya kulikwepa sikio la mwajiri, una mahali ambapo sauti inakatika na mama anaelewa.

Ukipata idhini ya mwenyewe, usikilize, kisha urudi kwenye kurasa za Yusuf na Khalil. Angalia binti anamwitaje mwenye nyumba. Mara nyingi yule bibi wa Riyadh aliyeifungia pasipoti ya binti kabatini naye huitwa "mama".