Wavuvi hawahitaji semina nyingine

"Wanamaliza sangara kwa kuwa hawana elimu."

Hii nimeisikia kwa maofisa, kwa wafadhili, hata kwa viongozi wenyewe wa BMU, vikundi vya kusimamia uvuvi mwaloni, na imenichosha. Kaa na baharia yeyote kwenye mwalo wa Ziwa Victoria, muulize kokoro, ule wavu wa kukokota, linafanya nini kwenye mazalia. Atakueleza vizuri kuliko mimi. Anajua kuwa sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, na sababu anaijua. Usiku ukiingia, anashuka majini na timba, wavu uliopigwa marufuku.

Hesabu yake ni hii, kwa takwimu za mfano tu. Kambi mbili zinavua eneo moja. Zote zikitii sheria, kila moja inapata elfu 60 kwa siku. Zote zikivunja, samaki wanapungua na kila moja inabaki na elfu 30. Moja ikivunja na nyingine ikatii, mvunjaji anaondoka na elfu 80, mtiifu anaambulia elfu 10. Haya, wewe ndiye tajiri, mwenye mitumbwi, wa kambi ya kwanza. Jirani akitii, ukivunja unapata 80 badala ya 60. Jirani akivunja, ukivunja unapata 30 badala ya 10. Afanye atakavyo, kuvunja kunakulipa. Naye anapiga hesabu hiyohiyo, na wote mnaishia kwenye 30 ilhali mngeweza kupata 60.

Hapo hakuna mjinga. Mtego huu Merrill Flood na Melvin Dresher waliuchunguza mwaka 1950 katika taasisi ya RAND, Marekani, kisha Albert Tucker akautungia kisa cha wafungwa wawili. Na kama dawa ni elimu, Saudi Arabia na Urusi zilikosa nini Machi 2020? Zilishindwa kukubaliana kupunguza uzalishaji wa mafuta, zikaingia kwenye vita vya bei, na mafuta yakaporomoka. Ilibidi waumie kwanza ndipo Aprili wakubaliane, pamoja na wenzao, kupunguza mapipa milioni 9.7 kwa siku.

Semina haigusi hata namba moja kati ya zile nne. Soko ndilo linazigusa. Viwanda vya minofu vikimkataa sangara mchanga, halafu wanunuzi wa kayabo, sangara wa kukaushwa kwa chumvi, wakampokea, ile 80 itashukaje?

"Wakiaminiana, yataisha."

Kuaminiana huja baadaye, watu wakishakutana mara nyingi na kila mmoja akaona mwenzake alifanya nini. Watu hupenda kunukuu mashindano ya kompyuta ya mtafiti Robert Axelrod, ambako programu zilicheza mtego huuhuu mara nyingi, na ya Anatol Rapoport ilishinda mara mbili: anza kwa kushirikiana, kisha fanya alichofanya mwenzako mara iliyopita. Wanasahau kuwa pale kila mchezaji alimwona mpinzani wake. Ziwani nyavu ziko chini ya maji, ni usiku, na baharia anahama mwalo kufuata samaki. Utamlipiza nani? Ndiyo maana ushauri wangu haubadiliki, hata wanaonifahamu wameuchoka: kabla ya kuandika sheria ndogo yoyote, wekeni alama kwenye nyavu, ili wavu ukiopolewa mwenyewe ajulikane palepale.

"Adhabu iwe kali."

Kuchoma nyavu mbele ya kamera mara moja kwa msimu ni maonyesho. Elinor Ostrom, aliyepata Nobel ya uchumi mwaka 2009, aliona kuwa jumuiya zilizodumu na mali ya pamoja huanza na adhabu ndogo inayopanda kwa anayerudia, na walinzi wao huwajibika kwa watumiaji wenyewe. Faini ndogo isiyokwepeka inamtisha tajiri kuliko kifungo ambacho hajawahi kumwona mtu akikitumikia.

"Wakenya wakipata, sisi tumepoteza."

Hivyo ndivyo bao linavyochezwa, lakini ziwa si bao. Tanzania ina asilimia 51 ya ziwa, Uganda 43, Kenya 6, na sangara anavuka mipaka bila pasipoti. Anayeachwa mchanga Ukerewe anaweza kuvuliwa upande wa Uganda akiwa na kilo nyingi, na kinyume chake. Nchi zote tatu zinaweza kupata zaidi kwa pamoja, au kupoteza kwa pamoja.