Ukienda kiwanda kidogo cha bia mtaani, anza na ile nyepesi

Mi kazi yangu ni kupika bia, na siku nikiwa sina zamu napenda kwenda kunywa kwa wenzangu, hasa kwenye hivi viwanda vidogo vinavyofunguliwa mitaa ya pembezoni mwa mji, huko kwenye magodauni yaliyopakana na nyumba za watu. Swali ninaloulizwa sana ni nikifika naagiza nini. Naagiza bia nyepesi kuliko zote kwenye ubao. Laga ya kawaida (bia inayochachushwa kwenye ubaridi), pilsna ambayo ni laga pia, au eli ya dhahabu isiyo na mbwembwe (eli huchachushwa kwenye joto zaidi). Watu wanashangaa, wao walitegemea nitaje stauti, yaani bia nyeusi, iliyolazwa kwenye pipa la wiski au IPA, eli chungu yenye hopsi za kumwaga (hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu), na hizo nazipenda kweli, ila zinasubiri.

Sababu ni kwamba bia nyeusi ina nafaka iliyokaangwa na IPA ina hopsi nyingi, na vyote viwili vinafunika mambo. Kwenye laga hakuna kinachofunika, mpishi akikosea hatua moja unaisikia puani kabla hata hujameza. Ukisikia harufu ya siagi kama ya popkoni, hiyo ni diasetili. Hamira inaitengeneza yenyewe ikiwa kazini, alafu ukiipa siku chache za ziada inairudia na kuimaliza, kwa hiyo siagi kwenye bia mara nyingi maana yake mtu alikuwa na haraka akapooza tangi mapema, au sivyo bomba la kaunta lina bakteria. Ukisikia tofaa bichi, hapo pia bia imetolewa kabla haijaiva. Harufu ya mahindi ya kuchemsha inatokana na kimea chenyewe, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, kile cheupe kisichokaushwa sana, na dawa yake ni kuchemsha kwa nguvu kama saa nzima bila kufunika sufuria ili ile harufu iondoke na mvuke. Na ukisikia boksi lililolowa maji basi oksijeni iliingia mahali, au bia ni kuukuu. Yaani glasi moja ndogo inakusimulia kiwanda kizima kuanzia jikoni mpaka kaunta.

Na kuna suala la hela na subira. Eli inachachuka kwenye nyuzi 18 mpaka 22 hivi na ndani ya wiki mbili tatu imeshaingia kwenye kegi, lile pipa la chuma la kuuzia. Laga inachachuka kwenye ubaridi wa nyuzi 8 mpaka 13, alafu inalazwa karibu na sifuri kwa wiki kadhaa itulie, na muda wote huo tangi limekaliwa. Kwa kiwanda chenye matangi manne au matano huo ni mzigo mkubwa sana, mwenye kiwanda angeweza kuuza eli mara mbili kwenye tangi lile lile. Kwa hiyo nikikuta kiwanda kidogo kina laga safi, kavu, yenye uchungu unaokatika vizuri mwishoni, namheshimu huyo mpishi hapo hapo na chochote kingine atakachonipa nakunywa kwa imani. Hamira safi yenyewe siku hizi si tatizo, tangu 1883 mwanasayansi Emil Christian Hansen alipofanikiwa kutenga aina moja tu ya hamira ya laga pale maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg, Denmark, mpishi yeyote anaweza kuanza na hamira anayoijua. Kinachobaki ni kuisubiri.

Kabla hujaonja lakini, iangalie glasi. Mi huwa naiinua usawa wa taa natazama kuta zake kwa ndani, chini ya povu. Kama kuna viputo vimeng'ang'ania ukutani vimejikusanya sehemu moja, hiyo glasi ina mafuta au mabaki ya sabuni, na povu litakufa haraka. Glasi safi viputo vinapanda vyenyewe mpaka juu, na kila ukipiga funda povu linaacha pete ukutani, pete juu ya pete. Ni kitu kidogo ila kinaonyesha nani anajali. Mabomba ya kaunta nayo yanatakiwa kusafishwa kwa dawa kila baada ya wiki mbili, na wala usione aibu kuuliza yamesafishwa lini, maana anayesafisha anajibu kwa raha tu.

Watu wanauliza pia kwa nini viwanda hivi viko huko pembezoni na si katikati ya mji. Kwanza kodi, hilo linajulikana. Ila kuna mambo ya sakafu: inatakiwa ibebe matangi yaliyojaa, iwe na mteremko na mifereji maana maji yanamwagwa kutwa nzima. Lita moja ya bia inakula lita tano, sita za maji, na viwanda vidogo mara nyingi vinapita hapo kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yetu ni kuosha. Alafu machicha ya kimea, kila ukipika unabaki na mlima wa nafaka mbichi ya moto inayoanza kunuka siku ya pili, lazima awepo mfugaji wa kuja na gari kuichukua kwa ajili ya ng'ombe au nguruwe. Pembezoni gari linapita, na mfugaji hayuko mbali.

Faida yako wewe mnywaji ni ubichi. Kegi haikusafiri, imetoka kwenye tangi unaloliona pale nyuma ya kioo. Kwa IPA hili ndo kila kitu, mafuta ya hopsi yanapoteza harufu wiki hadi wiki hata kama bia imekaa baridi, kwa hiyo muulize aliyeko kaunta ipi imefunguliwa majuzi, uanzie hapo baada ya ile nyepesi. Stauti nzito na zilizolazwa kwenye mapipa hazina haraka, hizo umri unazifaa.

Ukiweza nenda siku wanayopika, asubuhi. Godauni zima linanukia uji wa shayiri, na ukiomba kwa heshima wengi wanakuruhusu kusogea. Muulize mpishi anashikilia kimea kwenye maji ya moto ya nyuzi ngapi. Akikwambia 63 ujue anataka bia kavu, akikwambia 68 anataka bia nzito kidogo mdomoni, maana vimeng'enya vinavyokata wanga vinatofautiana joto vinalolipenda na joto la juu linaacha sukari ambayo hamira haiwezi kuila. Pembeni ya tangi linalochachuka utaona mpira umetumbukizwa kwenye ndoo ya maji unatoa mapovu. Yakitoka kwa kasi hamira iko kazini kwelikweli, yakitoka moja moja inakaribia kumaliza. Naweza kusimama pale muda mrefu naangalia tu.

Sasa kiasi. Chukua glasi za kuonja, zile za mililita 100 au 150, uende kutoka nyepesi kwenda nzito na maji katikati. Soma asilimia kwenye ubao, maana nusu lita ya bia ya asilimia 9 ina kilevi sawasawa na nusu lita mbili za asilimia 4.5, na mwili unahesabu hata kama wewe huhesabu. Viwanda viwili kwa siku vinatosha, cha tatu ulimi umeshachoka huambulii kitu. Na kama hamuwezi kutembea kwa miguu kutoka kimoja mpaka kingine, awepo dereva asiyekunywa kabisa.

Ukitaka ya kubeba nyumbani chukua kopo kuliko chupa kubwa ya kujaziwa pale bombani, chupa ya kujaziwa inaingiza hewa na gesi inaanza kutoka siku ile ile, inywe ndani ya siku mbili. Kama hawana kopo basi chupa ya kahawia. Ya kijani na nyeupe zinapitisha mwanga, na jua likigusa uchungu wa hopsi dakika chache tu zinatosha bia kunuka vibaya, harufu ile ukishaijua huisahau. Usiiache kwenye kiti cha nyuma cha gari, ipeleke moja kwa moja kwenye friji.