Chuchu tatu nzima, maziwa yana dawa

Lita 80 za maziwa kituoni kwetu ziligoma kuganda. Tulitia mbegu ya mtindi jioni kama kawaida, asubuhi tukakuta bado ni majimaji, hata uchachu hauna. Kijana wa zamu akasema mbegu imekufa. Mimi nikaanza kuuliza nani ana ng'ombe mgonjwa.

Mama mmoja hakuficha: "Daktari, ni chuchu moja tu imevimba. Maziwa yake namwaga. Hizi tatu ni nzima."

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na siwalaumu, kwa macho huoni tofauti. Dawa ya tyubu, yaani antibiotiki ya kutibu uvimbe huo, ukiisukuma kwenye chuchu moja haitulii hapo. Sehemu yake hufyonzwa na damu, ikazunguka mwilini, ikarudi kwenye maziwa ya chuchu nyingine. Ni kidogo, ndiyo. Lakini kiwango cha juu cha Codex, viwango vya kimataifa vya chakula, kwa penisilini ni mikrogramu 4 tu kwa lita. Piga hesabu: miligramu 1 inafikisha lita 250 kwenye ukomo huo. Na bakteria wa mtindi ni wepesi kudhurika, ndiyo maana wao ndio walionishtakia.

Vipimo vya mapokezi havikusema kitu. Laktomita inamnasa aliyeongeza maji, alkoholi inanasa maziwa yaliyoanza kuchacha. Kipimo cha dawa ni kichupa chenye bakteria na rangi: unatia maziwa, unakipasha nyuzi 64 kwa takriban saa 3. Bakteria wakikua, zambarau hugeuka njano. Ikibaki zambarau, kuna kinachowazuia. Saa 3! Wenye pikipiki wanaoleta maziwa hawangoji hivyo, kwa hiyo mara nyingi jibu huja maziwa yameshachanganywa.

Kuchemsha huua vijidudu, dawa hakuiondoi yote. Mwenye mzio wa penisilini anaweza kudhurika, na mabaki hayo yanawafundisha bakteria usugu.

Siku za kumwaga zimeandikwa kwenye boksi la dawa, na huhesabiwa tangu dozi ya mwisho, si ya kwanza. Ng'ombe kuchangamka si kipimo. OTC (oksitetrasaiklini, antibiotiki ya sindano) ya kukaa muda mrefu, kwa mfano, inaendelea kutoka kwenye maziwa wakati mnyama anakula vizuri kabisa.

"Basi nimpe ndama?" yule mama akauliza. Nikamwambia hapana, usugu unaanza hata tumboni mwa ndama.

Siku ya pili nikamkuta amemfunga ng'ombe kitambaa chekundu mguuni, ili mwanawe anayekamua alfajiri asichanganye ndoo.